Umehamishia betri kwenye buti na gari inasumbua kuwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mtu akishahamisha betri kutoka chini ya boneti kwenda nyuma, iwe ni kwa ajili ya kupata nafasi mbele, kusawazisha uzito au kuiweka betri mbali na joto la injini. Yamepangwa kuanzia ya kawaida mpaka yale ya ajabu ajabu. Kama una haraka ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya ethi (njia ya umeme kurudi kwenye negative ya betri), maana kusema kweli wengi jibu lao liko pale.

## Mambo ya kwanza kabisa

Betri ilipokuwa mbele gari ilikuwa inawaka fresh, nimeipeleka nyuma tu imeanza kusumbua. Betri ni ile ile, stata ni ile ile. Kwa nini?

Kwa sababu ulichobadilisha ni njia. Mwanzo umeme ulikuwa unapita kwenye waya mfupi, pengine hata mita moja haifiki, na ethi ilikuwa inatoka kwenye betri inaingia moja kwa moja kwenye bloku ya injini. Sasa hivi una mita nne au tano za kwenda, halafu umeme unarudi kupitia bodi, unavuka kamba ya ethi ya injini, unapita kila bolti na kila lagi (kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) uliyoongeza njiani.

Stata ya injini ndogo ya petroli inavuta ampea 100 hadi 200, dizeli inaweza kupita 300. Kwenye ampea hizo hata ukinzani mdogo sana unauma. Chukua ohmu 0.01, kitu ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukusomea vizuri, zidisha kwa ampea 200, hapo umeshapoteza volti 2. Betri inatoa 11 wakati wa kupiga stata, stata inapokea 9, na injini ikiwa nzito kidogo ndio unasikia ile nguu... nguu... halafu kimya.

Nianzie wapi? Nilikuwa nataka kununua stata mpya.

Acha stata kwanza, watu wanabadilisha stata nzima bure kila siku. Anza na betri yenyewe: ichaji mpaka ijae, iache ikae masaa kadhaa bila kuguswa, halafu pima. Ikiwa imejaa itasoma 12.6 au 12.7. Ukikuta 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo hivi. Betri ya nusu ilikuwa inaweza kukuficha aibu kwa waya mfupi, kwa waya mrefu haiwezi.

Ukisha hapo weka mita kwenye nguzo za betri mtu mwingine apige stata. Ikishuka chini ya 9.6 pale pale kwenye betri wakati hali ya hewa ni ya kawaida, betri imechoka au stata inavuta kupita kiasi. Ikibaki 10.5 au 11 na stata bado inajivuta, betri na stata waache, volti zinapotea njiani. Sasa nenda kwenye swali la kupima upotevu wa volti huko chini.

Mlio unaniambia kitu? Yangu inafanya kli-kli-kli.

Unasaidia sana. Kli-kli-kli ya haraka maana yake solenoidi (swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata) inavuta, stata ikianza kunywa umeme volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hiyo ni betri dhaifu au njia yenye ukinzani. Kli moja nzito halafu kimya inaweza kuwa solenoidi imevuta vizuri lakini umeme mkubwa haufiki, au brashi za stata zimekwisha. Kimya kabisa na taa za dashibodi ziko sawa, angalia waya mdogo wa funguo unaoingia kwenye solenoidi, fyuzi, au ile swichi ya kwenye giaboksi au klachi. Taa za dashibodi zikizima kabisa ukipiga stata basi kuna muungano mmoja mbovu sana mahali, mara nyingi ni kichwa cha betri au ethi ya nyuma haijakaza.

## Waya, lagi na fyuzi

Waya unene gani unatosha kutoka buti mpaka stata?

Hesabu ni rahisi. Kwa waya wa kopa safi wenye urefu wa mita 5 na stata inayovuta ampea 200, milimita 16 za mraba unapoteza kama volti 1.1, milimita 25 unapoteza 0.7, milimita 35 ni 0.5, milimita 50 ni 0.34, na milimita 70 ni 0.25. Hiyo ni waya peke yake, lagi na fyuzi na swichi bado hujaongeza, na safari ya kurudi bado.

Kwa hiyo kwa petroli ya silinda nne 35 ndio mwisho wa chini ninaoukubali, 50 ndio unalala usingizi. Injini kubwa au dizeli nenda 70. Kama vipimo vyako ni vya Kimarekani, namba 2 ni karibu na milimita 33, namba 1/0 ni kama 53, na 2/0 ni kama 67. Waya wa mashine ya kuchomelea ni mzuri kwa hii kazi, nyuzi zake ni nyembamba nyingi kwa hiyo unakunjika kirahisi, ila ulinde na mafuta na kona kali za bati.

Nimetumia waya wa mziki, ule wa amplifaya, ni mnene kama kidole. Bado inajivuta.

Kata kipande uangalie ndani, au kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya kopa hiyo ni alumini iliyopakwa kopa juu. Ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya kopa safi, kwa hiyo 50 yako inafanya kazi kama 33 hivi. Halafu alumini inalegea ndani ya lagi kadiri inavyopata joto na kupoa, ndio maana inaweza kuwaka vizuri mwezi wa kwanza halafu ikaanza vituko. Waya huo huandikwa CCA, usichanganye na CCA ya kwenye lebo ya betri ambayo ni ampea za kuwasha kwenye baridi. Tena kuna waya wa bei nafuu ambao unene wote ni plastiki tu, hivyo usipime kwa macho ukiwa haujaukata.

Lagi nimezigonga kwa nyundo nikamwaga risasi. Ina shida?

Inaweza ikawa sawa, inaweza ikawa ndio ugonjwa wote. Risasi ikimwagwa juu bila kuingia ndani kwenye nyuzi unapata muungano unaoonekana mzuri kwa nje lakini ndani ni hewa. Na pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu, mtikisiko unaukata hapo hapo. Mashine ya kubania ya haidroliki yenye umbo la pembe sita ndio jibu, kama huna mpelekee fundi anayo akubanie zote kwa mara moja, ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo funika na mpira wa kusinyaa kuzuia unyevu.

Kipimo cha fasta cha lagi: piga stata sekunde kumi, shika kila muungano kwa mkono (ule wa karibu na ekzosi uache). Iliyo na joto kuliko mwenzake ndio mbovu.

Je niweke fyuzi kwenye waya wa stata? Wengine wanasema inaleta shida ya kuwaka.

Weka. Waya huo unapita mita tano ndani ya bati, ukikwaruzwa ukagusa bodi hakuna kitu cha kuuzuia, betri itamwaga mamia ya ampea mpaka kitu kiwake moto. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio mbele kwenye injini, maana kipande cha kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Tumia aina ya Mega au ANL zinazovumilia mshtuko wa sekunde ya kwanza, kwa petroli ndogo watu wengi huanzia 250 au 300, dizeli zaidi. Ukiweka ya 100 itakatika, na hapo ndio zinatoka hizo stori kwamba fyuzi inaleta shida. Kinacholeta shida kweli ni kishikio cha fyuzi cha ubovu ambacho bolti zake hazikazi, pima upotevu kati ya upande mmoja na mwingine.

Viwandani wana njia yao. BMW E46 yenye betri kwenye buti ina kichwa cha betri chenye baruti ndogo kinachokata waya wa stata ajali ikitokea. Na kwenye E46 kama gari imekaa kimya kabisa baada ya kugongwa, angalia hicho kitu kabla ya kufungua stata.

## Ethi, ambako wengi wanakwama

Nimefunga negative ya betri kwenye bodi kule kwenye buti, waya mnene mfupi kabisa. Si inatosha?

Hiyo ni nusu. Jiulize umeme unarudije kutoka stata. Stata imefungwa kwenye injini, injini imekalia raba, raba hazipitishi umeme. Kwa hiyo kati ya injini na bodi kuna kamba moja au mbili za ethi, na hizo kiwandani ziliwekwa kwa ajili ya vitu vidogo tu, taa na honi na feni, kwa sababu waya mnene wa negative ulikuwa unaenda moja kwa moja kwenye bloku. Wewe umeutoa ule mnene, sasa ampea 200 zote unazilazimisha zipite kwenye kamba nyembamba ya miaka kumi na tano iliyoliwa na kutu.

Hapa ndipo karibu kila mtu anakosea, anaweka positive ya milimita 50 inang'aa halafu ethi ya mbele haijaguswa. Umeme ni mzunguko, kinachoenda lazima kirudi chote. Weka waya mpya kutoka bloku au giaboksi, karibu na bolti ya stata ikiwezekana, mpaka kwenye bodi, unene sawa na wa positive.

Klachi kebo imekuwa ngumu / kebo ya mafuta (ya pedali) imeungua. Ina uhusiano?

Ndio na ni dalili nzito. Ethi ikiwa haitoshi umeme unatafuta njia yoyote ya chuma kutoka injini kwenda bodi: kebo ya klachi, kebo ya mafuta, kebo ya gia, mpaka beringi za magurudumu. Kebo inapata moto, plastiki ya ndani inayeyuka, inakwama. Kebo ya mafuta ikikwama injini ikiwa juu ni hatari kweli kweli. Ukiona hivyo usiendelee kupiga stata, tengeneza ethi kwanza.

Nitajua vipi kama ni ethi bila kufungua kitu?

Chukua waya wa kubusti, mmoja tu. Ng'ata upande mmoja kwenye chuma kisafi cha injini, upande mwingine kwenye chuma kisafi cha bodi. Piga stata. Ikizunguka kwa nguvu umeshapata mgonjwa wako. Isipobadilika, ng'ata kutoka negative ya betri kwenda sehemu nyingine ya bodi kule nyuma, piga tena. Waya za kubusti za ubovu zenyewe ni nyembamba kwa hiyo zinaweza zisikuonyeshe tofauti, ndio maana kupima na mita bado ni bora.

Sehemu gani nzuri ya kufunga ethi kwenye buti?

Chuma kinene kilichochomelewa kwenye sakafu, reli ya chasisi, sehemu ya kushikia sespensheni. Sio bati jembamba la pembeni, sio bawaba za mlango wa buti, na bolti za mkanda wa kiti usiziguse kabisa. Piga msasa mpaka chuma king'ae, weka bolti yenye washa ya meno, kaza, halafu ndio upake rangi au grisi juu yake kuzuia kutu. Kupaka kabla ya kukaza, hapana. Na rangi ya poda kwenye chasisi iliyofanyiwa kazi upya haipitishi kitu, watu husahau.

Je ni bora nipitishe negative yenyewe mpaka kwenye injini?

Gari ya bati la kawaida iliyo nzima haihitaji. Chuma kinapitisha umeme vibaya kuliko kopa lakini bodi ina chuma kingi sana, kwa hiyo ukifunga vizuri pande zote mbili inafanya kazi. Pitisha waya wa pili kama bodi ni ya faiba, fremu ni ya mabomba, gari imeliwa na kutu sakafuni, au bodi imeungwa kwa gundi na alumini. Ukipitisha bado unganisha bodi kwenye betri na injini, taa na pampu ya mafuta vinaitegemea.

## Kupima kwa mita

Upotevu wa volti napimaje hatua kwa hatua?

Toa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta ili injini isishike, hakikisha gari iko nyutro na hendibreki juu. Weka mita kwenye volti za DC. Unahitaji waya mrefu mwembamba wa kuongezea mkono wa mita, wa aina yoyote ile, kwa sababu haubebi mzigo.

Upande wa positive: mkono mmoja kwenye nguzo ya betri yenyewe, risasi ile, sio kwenye klempu. Mwingine kwenye bolti kubwa ya stata. Mtu apige stata sekunde tano, soma. Upande wa negative: mkono mmoja nguzo ya negative, mwingine kwenye mwili wa stata. Piga, soma.

Kwa betri ya mbele mafundi wanataka kama 0.2 kila upande. Kwa betri ya kwenye buti 0.5 kila upande inakubalika, chini ya hapo ni raha zaidi. Ukipata 1.2 upande mmoja usianze kufungua hovyo, sogeza mkono wa mita hatua moja moja: nguzo mpaka klempu, klempu mpaka baada ya fyuzi, fyuzi mpaka swichi, na kuendelea. Pale namba inaporuka ndio hapo. Muungano mmoja mzuri haupaswi kula zaidi ya 0.1.

Mbona nimepima ohmu nikapata sifuri, waya si mzima?

Mita inapima ohmu kwa umeme mdogo sana, waya uliobaki nyuzi tatu tu nao utasoma sifuri. Rudi kwenye hesabu ya swali la kwanza. Waya wa stata hupimwa ukiwa kazini, basi.

## Vituko vya pembeni

Asubuhi inawaka, nikishaendesha ikapata moto inakataa.

Kopa ikipata joto ukinzani unapanda, na stata iliyo karibu na ekzosi nayo inadai zaidi. Kama upotevu wako ni 0.8 ikiwa baridi ndio unaonekana kwenye moto. Pima tena injini ikiwa ya moto. Pia pima waya mdogo wa funguo pale kwenye solenoidi: ukikuta volti 8 wakati betri ina 11, shida ni swichi ya funguo na waya wake. Weka rilei karibu na stata, funguo iwashe rilei, rilei ndio ipeleke umeme kwenye solenoidi.

Stata inazunguka kwa nguvu kabisa lakini injini haishiki.

Rudi uangalie klempu ulizozitoa mbele. Nyingi zilikuwa na waya wadogo wa ziada, ethi ya kompyuta ya injini, kulisha boksi la fyuzi, na hao mara nyingi hubaki wananing'inia au wanafungwa popote tu. Wape positive yao kwenye bolti ya kugawia umeme mbele, ethi zao kwenye bloku au pale zilipokuwa. Na kama volti mbele zinashuka karibu 8 wakati wa stata kompyuta inaweza kujizima hata kama stata inazunguka, hiyo pia unaiona kwa mita.

Inachaji? Mbele nasoma 14.4, kwenye buti 13.4.

Volti nzima inapotea, ni njia hiyo hiyo ya stata au altaneta imeachiwa waya wake wa zamani mwembamba. Kamba ya ethi ya injini (swali la kwanza la sehemu ya ethi) inahusika hapa pia. Kama altaneta ina waya wa kusoma volti, upeleke kwenye betri. Betri isiyojaa kila siku itakupa shida ya kuwaka ambayo inafanana na ya waya.

Inakufa usiku tu, mchana haina shida.

Kabla ya kitu chochote, taa ya buti. Watu wanagusa swichi yake wakifunga boksi la betri na inabaki inawaka mlango ukifungwa. Weka simu ndani inarekodi, funga, angalia video. Vinginevyo pima umeme unaovuja gari ikishalala, zaidi ya kama miliampea 50 kuna kitu.

Nimeweka solenoidi nyuma kwenye buti ili waya mrefu usiwe na umeme muda wote. Sasa stata inachelewa kuachia.

Umeunganisha bolti kubwa ya stata na kile kipini kidogo cha solenoidi yake, siyo? Stata ya sumaku ya kudumu ikiwa bado inazunguka inazalisha umeme yenyewe na kuishikilia solenoidi yake. Toa kiunganishi hicho, kipini kidogo kilishwe na funguo kupitia rilei. Na kumbuka altaneta sasa inahitaji waya wake wenyewe kwenda betri.

Nikizima swichi kubwa ya betri injini inaendelea kunguruma.

Altaneta ndio inalisha. Tena kuikata betri wakati altaneta inachaji kunarusha volti juu, inaweza kuua altaneta au kompyuta. Tafuta swichi yenye vipini vya ziada vinavyokata na ignisheni. Kwenye drag za NHRA (chama cha mbio hizo Marekani) betri ikihamishwa lazima iwepo swichi ya nje nyuma ya gari, na ikizimwa injini nayo ife. Swichi za funguo nyekundu za bei rahisi zina ukinzani mkubwa, kabla ya kulaumu kingine pima upotevu juu yake.

Betri ya maji ya kawaida inaweza kukaa kwenye buti?

Ikiwa ndani ya boksi lililofungwa na bomba la kutolea hewa nje ya gari, ndio. Inapochajiwa inatoa haidrojeni ambayo inaweza kulipuka kuanzia asilimia 4 tu kwenye hewa. Mazda MX-5 ya kwanza ya 1989 ilitoka kiwandani na betri kwenye buti na mabomba yake ya hewa. AGM (betri iliyofungwa, asidi yake imenyonywa kwenye mkeka wa ndani) ni salama zaidi lakini nayo ina tundu la dharura, kwa hiyo bomba liwepo tu, hasa kwenye gari ambayo buti na abiria ni chumba kimoja. Ifunge kwa chuma, isitembee.

Betri imekufa na buti inafunguka kwa umeme. Nitabusti vipi?

Tumia ile bolti ya kugawia umeme kule mbele, yenye kofia ya mpira. Positive pale, negative kwenye chuma cha injini. Kama hukuiweka, iweke wiki hii.